Nani Anakijibia Chakula Hiki?

Mtu akihamia Dar es Salaam, ndugu na marafiki humuuliza maswali yaleyale: umepanga wapi, wametaka kodi ya miezi mingapi, maji yanatoka siku zipi, daladala za huko asubuhi zinapandika? Hakuna anayemuuliza atakula mboga za nani. Hata mwenyewe halifikirii hilo mpaka siku anaposimama mbele ya genge la mtaani kwake, fungu la mchicha mkononi, akagundua kwamba katika yote yanayohusu kitu hicho anachokwenda kuwapikia wanawe, anachokijua ni bei tu.

Alikotoka hakuwa na haja ya kuuliza. Mchicha ulitoka kwa mama fulani, shamba lile la bondeni, ambaye mwanawe anasoma darasa moja na wake. Mama huyo hakuwa malaika, na huenda naye alikuwa akipiga dawa. Lakini alijulikana, na kujulikana kulimfunga. Angemlisha jirani kitu kibaya, wangekutana msibani, kanisani au msikitini, kwenye kikao cha vikoba, na maneno yangemfikia. Jijini, kati ya mkono uliopanda na mkono unaopika kuna dalali, kuna dereva wa Fuso, kuna mnunuzi wa jumla, kuna mchuuzi, na kila mmoja wao anamfahamu anayempokeza mzigo na anayeupokea kutoka kwake, basi.

Wenye wasiwasi huanza kutafuta. Mmoja anaelekezwa duka la Masaki ambako nyanya zimepangwa kwenye vikapu vya ukindu na bei yake inamfanya arudishe mkono. Mwingine anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp linalotangaza mboga za wiki, unaagiza leo, bodaboda anakuletea kesho. Wa tatu ana mwenzake kazini mwenye shemeji Mgeta, huko milima ya Uluguru, na mara mojamoja hupata karoti na kabichi zilizoteremka na basi. Wa nne anakata shauri kupanda sukuma wiki mwenyewe, kwenye viroba vilivyopangwa uani. Ukiwauliza, wote watakwambia wanatafuta chakula cha kilimo hai, chakula kisicho na kemikali. Nimewasikiliza sana watu hawa, nami ni mmoja wao, na ninaona kwamba kemikali ni nusu tu ya tunachokitafuta. Nusu ya pili ni mtu wa kukijibia chakula. Tunataka, siku tukiuliza, awepo anayewajibika kutujibu.

Soko lina namna zake za zamani za kujibu. Pita Ilala au Buguruni usikilize wauzaji wanavyonadi: mchele wa Kyela, vitunguu vya Mang'ola, viazi vya Njombe, machungwa ya Muheza, mananasi ya Kiwangwa. Bidhaa inatambulishwa kwa kwao, kama mtu anavyotambulishwa kwa ukoo. Jina la mahali linabeba ushahidi wa vizazi vya walaji waliokwishaonja wakaridhika: udongo ule, baridi ile, mbegu ile. Mgeni asiyemjua mkulima hata mmoja anaweza kuegemea jina hilo na akala vizuri.

Ila jina likishapata heshima, huazimwa. Kama mchele wote unaouzwa jijini kwa jina la Kyela ungekuwa umevunwa Kyela kweli, watu wa wilaya ile wasingebaki na mahali pa kujenga nyumba. Na hata jina likiwa la haki, linaeleza habari za ardhi, halielezi habari za mkono. Kujua kwamba nyanya ni ya Ilula, mkoani Iringa, hakukwambii aliyeilima aliipiga nini, wala lini.

Jina likishindwa, tunaanza kusoma alama kwenye bidhaa yenyewe. Mtaani kuna elimu nzima ya namna hiyo. Mchicha wenye matundu ni mzuri, husemwa, kwa sababu mdudu ameula na hakufa. Nyanya iliyopinda na kabichi ndogo ndizo za asili. Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwenye meza ya mboga methali hiyo imegeuzwa kichwa chini: jani lisilo na doa ndilo linalotiliwa shaka, na lililotobolewa ndilo linalosifiwa, ingawa mwisho wa siku wanunuzi wengi bado huchagua lisilo na doa. Tatizo ni kwamba tundu la jani linathibitisha jambo moja tu: kuna siku mdudu alikula hapo. Mkulima aliyeliona tundu hilo asubuhi anaweza kuwa alikwenda dukani mchana akanunua chupa, na jioni akapiga. Jani linabaki na tundu lake, na dawa inakuwa juu yake.

Nyanya nayo ina ushahidi wake. Asubuhi moja pale soko la Temeke Stereo nilisimama kwa mama mmoja aliyekuwa akifungua tenga jipya. Alikuwa akizitoa moja moja, anazifuta kwa kipande cha kanga kilicholowa, anazipanga mafungu, kubwa chini, ndogo juu. Kitambaa kilikuwa kimeanza kuwa na rangi ya chokaa. Nilichukua nyanya moja aliyokwisha kuifuta. Ubavuni iling'aa. Lakini pale kwenye kikonyo, kwenye kile kishimo ambacho kidole cha mfutaji hakifiki, kulikuwa na unga mweupe unaoelekea kijani, umeganda kwa mduara. Ukipitisha ukucha unabanduka.

"Mama, hizi zilipigwa dawa lini?"

Hakukasirika. Aliitazama nyanya iliyokuwa mkononi mwangu, akanitazama na mimi. "Mwanangu, mimi nazipokea kwenye tenga. Aliyepiga yuko Ilula."

Sijawahi kupewa jibu la kweli kuliko hilo sokoni. Mama yule hakunidanganya kwamba hazikupigwa, wala hakuapa kwa jina la Mungu. Aliniambia mpaka wa anachokijua, na kupitia mpaka huo nikaona umbo la tatizo zima. Muuzaji yupo, hana jibu. Mwenye jibu yuko umbali wa usiku mzima wa safari ya lori, na hakuna aliyemuuliza. Chakula kimefika mezani, maelezo yake yamebaki njiani.

Tumfuate basi huyo aliyeko Ilula, maana ni rahisi kumhukumu mtu tusiyemwona. Mwaka 2014 aliingia Tanzania mdudu mdogo, kipepeo wa usiku mwenye asili ya Amerika ya Kusini, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Wakulima wakampa jina lao: kantangaze. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani akala nyama iliyo katikati ya ngozi mbili, kisha huingia kwenye tunda. Akiwa ndani, dawa inayopigwa juu haimpati vizuri, na vizazi vyake hufuatana kwa kasi hata huzoea dawa. Aliacha mashamba yamekauka kama yaliyopitiwa na moto. Mkulima aliyekopa fedha za mbegu na mbolea, aliyezoea kupiga mara chache kwa msimu, akajikuta anapiga kila wiki, anachanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja la mgongoni, na juu yake anaongeza busta ili majani yarudi.

Kila chupa ya dawa ina maandishi yanayotaja siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Kwa mahindi ni sharti linalotekelezeka, kwa sababu mahindi huvunwa mara moja. Nyanya haivumilii. Inaiva kidogokidogo, leo hizi, keshokutwa zile, na mkulima huchuma kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa mfululizo. Akisubiri siku zilizoandikwa, zilizoiva zitaoza shambani na dalali atahamia kwa jirani. Akiacha kupiga, kantangaze atamaliza zilizobaki. Mtu huyu anapopiga leo na kuchuma keshokutwa, ameshindwa na hesabu ambayo hakuipanga yeye. Na kabla unga ule mweupe haujafika kwenye kikonyo cha nyanya yangu Temeke, umeshapita mikononi mwake asiye na glavu, umeingia puani mwake asiye na barakoa, umelowesha shati ambalo mkewe atalifua kwenye beseni lilelile la nguo za watoto.

Jambo hili hubadilisha maana ya kutafuta chakula safi. Mlaji wa mjini huuliza, je, nyanya hii ni salama kwangu? Ni swali halali, lakini limechelewa. Mtu wa kwanza kuila sumu hiyo hakuila kwa mdomo, na kiasi alichokipata ni kikubwa kuliko nitakachokipata mimi kwenye kachumbari. Ikiwa kula kilimo hai ni kujitafutia mwenyewe sahani isiyo na doa huku mpigaji akibaki na bomba lake mgongoni, basi tumenunua usafi wa dirishani tu. Anayelipa zaidi ili mkulima aweze kulima bila kuumia ananunua kitu kipana zaidi, hata kama nyanya ni ileile.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani ninaelekea kusema kwamba dawa yake ni kujuana: mtafute mkulima wako, mtembelee, mshike mkono, mambo yamekwisha. Niliamini hivyo muda mrefu, na bado naamini kwa sehemu. Lakini Dar es Salaam yenyewe inatoa somo linalozuia kuamini hivyo moja kwa moja.

Mboga nyingi za majani tunazokula jijini hazitoki mbali. Zinalimwa humuhumu, kwenye mabonde ya mito na kando ya reli na chini ya nyaya za umeme mkubwa. Unaweza kwenda kwa miguu ukamwona mkulima akimwagilia matuta kwa keni mbili, moja kila mkono. Mchuuzi huja akanunua tuta zima, akang'oa mwenyewe, akafunga mafungu, na kabla jua halijawa kali mchicha uko gengeni. Mnyororo mfupi kuliko huo hauwezekani. Mkulima unamjua kwa jina. Anaweza kukuapia, na akawa mkweli, kwamba haweki kitu zaidi ya samadi ya kuku.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa hapahapa, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mto Sinza na mto Msimbazi. Walichokitafuta kilikuwa metali nzito, na walizikuta, risasi na kadimiamu zikiwemo. Hakuna mkulima aliyezinyunyizia. Zilikuja na maji, na maji yalikuwa yamepita viwandani, kwenye gereji, kwenye mitaro ya jiji. Metali iliyokwisha kunywewa na mizizi haitoki kwa kuosha, uoshe kwa chumvi au kwa siki.

Ndiyo kusema mtu mwema, unayemjua, asiyepiga dawa, asiyekudanganya, anaweza kukulisha risasi. Uaminifu wake ni wa kweli, ila macho yake yanaishia alipoishia uwezo wa macho. Kujuana kunaniambia kwamba fulani hatanidhuru kwa makusudi. Hakuniambii kilichomo kwenye maji ya mto. Kwa hilo panahitajika kipimo, maabara, mtu wa kusoma matokeo na mtu wa kuyatangaza. Panahitajika karatasi.

Na karatasi ipo. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, na pamoja nacho ikazinduliwa alama ya Kilimohai, inayoweza kubandikwa kwenye mchele, asali, chai au mboga iliyotimiza masharti. Tanzania ina TOAM, Kenya ina KOAN, mashirika mwavuli yaliyoanzishwa yote mwaka 2005 kuwakusanya wakulima na wafanyabiashara wa kilimo hicho. Masharti yenyewe si ya porojo. Mbolea za viwandani na viuatilifu vya kutengenezwa haviruhusiwi. Vinavyoruhusiwa ni vya asili: mwarobaini, utupa, pilipili, na hata pareto inayolimwa nyanda za juu kusini. Hapo tena mlaji ajiandae, kwa maana pareto nayo ni sumu ya wadudu na haichagui, nyuki humuua sawa na kiwavi. Shamba la kilimo hai si shamba lisiloguswa. Ni shamba lililokubali kuwekewa sheria na kukaguliwa.

Wapo wanaoibeza karatasi hiyo wakisema ni mambo ya Wazungu. Historia haiwaungi mkono kabisa. Albert Howard, Mwingereza anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa kilimo hai, alikwenda India mwaka 1905 kufanya utafiti wa kilimo, na kitabu chake cha mwaka 1940 kilichoenea duniani kilitokana kwa sehemu kubwa na alichojifunza kwa kuwatazama wakulima wa huko walivyorudisha ardhini kila kilichotoka ardhini. Maarifa yalitoka kwa mwenye jembe, yakaenda Ulaya, yakarudi na muhuri.

Malalamiko yangu kuhusu karatasi yako kwingine. Ukiangalia ilikotangulia kufika, utaona imefuata fedha. Pamba ya kilimo hai imekuwa ikilimwa Meatu tangu mwaka 1994, na wanunuzi wake wako Ulaya. Kakao ya Kyela huvuka bahari na cheti. Viungo vya Zanzibar, kahawa ya Kagera, vivyo hivyo. Mtu wa Zurich anayevunja kipande cha chokoleti ana karatasi inayomrudisha mpaka kwenye kikundi cha wakulima wa kando ya Ziwa Nyasa. Mimi ninayeishi nchi moja na mkulima huyo, ninayeweza kufika kwake kwa basi, nikinunua fungu la nyanya sipati hata jina la kijiji. Aliye mbali anajibiwa, aliye karibu anaambiwa aliyepiga yuko Ilula. Na sababu haina fumbo: aliye mbali alidai, akawa tayari kulipia majibu, na serikali yake ikaweka sheria ya kumlinda.

Kuna njia moja inayojaribu kuunganisha kujuana na karatasi, nayo imeanza kutumika hapa kwetu: uhakiki shirikishi. Badala ya mkaguzi mmoja wa kulipwa kutoka mbali, ambaye gharama yake mkulima wa nusu eka haiwezi, wakulima wa eneo moja hujiunga kikundi. Wanakubaliana masharti, wanatembeleana mashambani wakiwa na fomu, wanaandika walichokikuta, na anayekutwa amepiga kisichoruhusiwa anasimamishwa. Wanunuzi nao wanaweza kushiriki ziara hizo. Kikundi kikifuata utaratibu, mazao yake yanaweza kubeba alama ya Kilimohai kwenye masoko ya ndani. Ninachokipenda hapo ni kwamba jirani ndiye mkaguzi, na jirani ana macho yanayoona hata usiku. Wala hamfichi mwenzake kwa sababu ni mwenzake, kwani akifichwa mmoja alama inaweza kuondoka kwa wote. Udugu umeandikwa kwenye daftari, na daftari limepata meno ya udugu.

Sasa, je, chakula hicho kinamfaa mlaji kiasi hicho? Tuseme yanayojulikana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti zaidi ya 200 zilizolinganisha vyakula vya kilimo hai na vya kawaida. Hawakuona ushahidi wa nguvu kwamba vya kilimo hai vina lishe bora zaidi. Waliona kwamba vina uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na mabaki ya viuatilifu. Anayenunua akidhani mchicha huo una vitamini maradufu anajidanganya, na anayenunua kwa ajili ya kupunguza sumu ana hoja. Kwa maskini anayechagua kati ya mboga yenye mabaki na kutokula mboga kabisa, jibu la afya ni kula mboga, aioshe vizuri. Ningekuwa mwongo kama ningemtisha mtu mpaka akarudi kwenye ugali na chumvi.

Hapo ndipo tafakuri hii inaponipeleka mahali ambapo sikupatarajia. Mimi nimeshakaa. Nina mtu wangu wa mayai ya kienyeji, ambaye nyumbani kwake nimefika nikawaona kuku wakiparura. Nina dada wa Mgeta ambaye nikimpigia ananiambia wazi: "Kaka, wiki hii kabichi usichukue, zimepigwa, subiri za mwezi ujao." Nimelipata lile nililokuwa nikilitafuta, yaani watu wa kunijibu. Nami ninakula vizuri. Lakini nikijiuliza nimelipataje, naona ni kwa muda, kwa simu, kwa nauli, na kwa bahati ya kujuana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Dada wa Mgeta hawezi kuwapigia simu wote. Nilichokipata ni upendeleo. Ni mzuri, naushukuru, ila haugawanyiki.

Waliotulea walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijijini agizo hilo lilikuwa na heshima ndani yake: ukipewa jembe umeingizwa kwenye kazi, na ukiingia kwenye kazi unajua chakula kinavyopatikana, na tangu hapo hakuna anayeweza kukulisha usichokijua. Jijini mgeni hapewi jembe. Anapewa bei, tangu siku ya kwanza. Na kwa kuwa hakuna atakayempa jembe, kuna kitu kingine anachostahili kupewa badala yake.

Kitu hicho tunakijua tayari, maana kwenye nyama tunacho. Ng'ombe wanaochinjwa Vingunguti hukaguliwa, na nyama hupigwa muhuri kabla haijaenda buchani. Hakuna anayekwenda buchani akadai kumjua mwenye ng'ombe. Mama anayenunua robo kilo ya nyama ya kuchanganya na viazi ananunua kilichopita chini ya muhuri uleule na cha hoteli inayochukua ndama mzima. Mfumo una matundu yake, kila mtu anayajua, lakini kukitokea jambo kuna mlango wa kugonga na kuna mtu aliyeweka saini. Mboga za kawaida hazina muhuri wowote, wala mtu wa kuuweka. Tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 tuna mamlaka inayosimamia viuatilifu, na tuna vyuo na maabara zinazojua kupima. Tunachokikosa ni kile kipande cha mwisho cha njia, kinachotoka maabara mpaka kwenye meza ya mama wa Temeke Stereo, ili akiulizwa awe na la kusema zaidi ya mahali alipo aliyepiga.

Kwa hiyo ninaendelea kumtafuta mkulima wangu na kumlipa anachostahili, na ninamshauri kila anayehamia hapa afanye hivyo: aulize fungu linatoka wapi, lilipigwa lini, amwagiliaye anatoa maji wapi, na amheshimu anayemjibu kwamba hajui. Maswali hayo yakiulizwa na wengi yatapanda mnyororo mpaka yamfikie dalali, na dalali akiona anapoteza wateja kwa kukosa majibu, atayatafuta. Ila nimeacha kudhani kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe. Kujuana ni fadhila kati ya mtu na mtu. Haki ni ile inayomlinda yule ambaye hajajuana na yeyote. Ukitaka kujua jiji limefika wapi katika jambo la chakula, usitazame kikapu changu mimi niliyekwisha kuzoea. Mtazame aliyeshuka Kituo cha Magufuli, Mbezi, leo alfajiri na begi lake, asiye na shemeji wala namba ya simu ya mtu, akanunua fungu la mchicha kwenye genge la kwanza aliloliona. Huyo akiweza kula bila kuombea bahati, ndipo tutasema chakula cha jiji hili kina mtu wa kukijibia.